Kupiga Windows 7 kwenye kompyuta mpya: mwongozo kamili kwa waliokwama

Nasser Road, Kampala, kuna mashine za kukatia stika ambazo bado zinachapa kazi, ila programu zake ziliishia Windows 7. Kompyuta ya zamani ikifa, mwenye duka ananunua mpya, fundi anakuja na flashi, na kazi inagota kwenye ujumbe unaodai draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia kifaa) ya CD/DVD huku kipanya hakisogei. Flashi inabadilishwa. Inabadilishwa tena. Fundi wa pili anaitwa.

Flashi haina kosa. Windows 7 haijui vitu vinne vilivyomo ndani ya kompyuta ya leo: matundu ya USB 3, diski za NVMe (aina mpya ya SSD yenye kasi), mashine inayowaka kwa UEFI (mfumo mpya wa kuwashia kompyuta) pasipo CSM (sehemu inayoiga uwashaji wa zamani wa BIOS), na draiva zilizotiwa sahihi ya SHA-2 (muhuri wa kidijitali wa kuthibitisha aliyeitengeneza). Karibu kila mkwamo unaousikia unatoka kwenye mojawapo ya hivyo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanyika mezani, kwenye kompyuta nyingine, kabla hujaigusa mashine ya mteja.

## Je, mashine yako inafaa?

Kama ina Windows 10 au 11, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `msinfo32`, usome jina la prosesa. Kwa Intel, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: i5-6500 ni cha 6, i5-8400 ni cha 8. Ikiwa na tarakimu tano, kama i5-10400, soma mbili za mwanzo.

Kizazi cha 6. Hiki ndicho rahisi kuliko vyote vinavyofuata. Draiva za picha, sauti na mtandao za Windows 7 zipo.

Kizazi cha 7 hadi 9. Inawezekana, ila weka kadi ya picha ya pembeni yenye draiva ya Windows 7, kwa mfano GT 710 au GT 1030. Ukitegemea picha ya ndani ya prosesa, utaishia na skrini ya rangi hafifu inayoburuza.

Kizazi cha 10. Inategemea madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) uone kama CSM ipo. Haipo, usiendelee.

Kizazi cha 11 na kuendelea. Acha. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya kompyuta pepe (kompyuta inayoigizwa ndani ya nyingine) huko chini. Picha ya ndani ya prosesa hizi haina tena msaada wa mtindo wa zamani ambao Windows 7 inautaka ili ichore skrini yake. Wapo wanaopenya kwa kadi ya pembeni na vidude vya kuidanganya mashine. Kwa kompyuta ya kuchezea nyumbani, sawa. Kwa duka linalotegemea mashine hiyo kula, hapana.

AMD Ryzen za mwanzo, za mezani. Inawezekana, kwa kadi ya picha ya pembeni.

Laptopi mpya siishauri hata kidogo. Wi-Fi, padi ya kugusa na mwanga wa skrini vyote vinataka draiva ambazo hazikutengenezwa, na huwezi kuchomoa kipande ukaweka kingine.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Kompyuta ya pili yenye Windows 10 au 11, na angalau GB 20 za nafasi.
- Flashi ya GB 8 au zaidi.
- Faili la ISO (nakala ya diski ya usakinishaji) la Windows 7 SP1 ya 64-bit, pamoja na namba halali ya leseni.
- Programu ya Rufus, inayoweka ISO kwenye flashi. Ni ya bure.
- Draiva ya USB 3 ya Windows 7 inayolingana na madabodi yako, kutoka ukurasa wa mtengenezaji wa madabodi.
- Masasisho ya KB4490628 na KB4474419 kutoka katalogi ya masasisho ya Microsoft. Kama diski yako ni NVMe, ongeza KB2990941 na KB3087873.
- Diski ya SSD ya SATA, hata ya GB 120.
- Kibodi ya PS/2, ile ya kichwa cha duara, kama madabodi ina tundu lake.
- UPS inayoshika chaji.

Mambo mawili kuhusu orodha hii. SSD ya SATA si lazima, lakini itakuokoa nusu ya matatizo: Windows 7 inaitambua bila kufundishwa chochote. Nikipewa uchaguzi kati ya kupambana na NVMe na kununua SATA ndogo, nanunua. Pili, umeme. Angalia yuniti za Yaka (umeme wa kulipia kabla) kabla ya kuanza, na usiamini kwamba hautakatika kwa sababu asubuhi yote ulikuwapo. Umeme ukikatika katikati ya hatua ya 3, faili unalolihariri linaweza kuharibika.

Ukipakua kwa bando la simu, pakua ISO usiku, kisha ipime kabla ya kuitumia:

`certutil -hashfile win7.iso SHA1`

Linganisha jibu na namba ya ISO halisi ya Microsoft ya toleo hilohilo. ISO zinazozunguka kwa flashi mitaani nyingi zimeguswa, na hujui aliyeigusa aliacha nini ndani.

## Hatua ya 1: Tengeneza flashi

Fungua Rufus, chagua ISO. Hapa unaamua njia mbili.

Ukitumia SSD ya SATA: chagua MBR (mpangilio wa zamani wa diski), mfumo lengwa uwe BIOS, na faili za NTFS.

Ukilazimika kutumia NVMe: chagua GPT (mpangilio mpya wa diski), UEFI, na FAT32. Madabodi nyingi haziwezi kuwaka kutoka NVMe kwa mtindo wa zamani, ndiyo maana UEFI inahitajika.

Tahadhari ya FAT32: haikubali faili moja kuzidi GB 4. Faili la `install.wim` litakua ukiliongezea vitu, kwa hiyo usilijaze masasisho usiyoyahitaji.

Imefanikiwa ikiwa flashi ina folda ya `sources`, na ndani yake `boot.wim` na `install.wim`.

## Hatua ya 2: Panga meza ya kazi

Kwenye diski C tengeneza folda `C:\w7`, na ndani yake tatu: `draiva`, `sasisho` na `pandisha`. Nakili `boot.wim` na `install.wim` kutoka kwenye flashi uziweke `C:\w7`.

Fungua kifurushi cha draiva ya USB 3 mpaka uone faili zenyewe zinazoishia na `.inf`. Kwa Intel utazitambua kwa majina `iusb3hub.inf` na `iusb3xhc.inf`. Chukua za 64-bit pekee, uziweke kwenye `draiva`. Faili la `.exe` peke yake halitasaidia kitu hapa; hili huwakwamisha wengi.

## Hatua ya 3: Zifundishe faili mbili, si moja

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi, kwa hiyo twende taratibu.

`boot.wim` ndiyo inayoendesha ule usakinishaji: skrini ya lugha, kuchagua diski, kunakili. `install.wim` ndiyo Windows yenyewe itakayobaki kwenye diski. Anayeweka draiva kwenye `boot.wim` peke yake atafurahi kwa nusu saa. Kipanya kitasogea, faili zitanakiliwa, mashine itajizima na kuwaka, kisha pale pa kuandika jina la mtumiaji kibodi itakufa. Windows iliyowekwa haikuwahi kuambiwa habari za USB 3.

Fungua CMD (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi. Mstari wa kwanza hapa chini unalipandisha faili, yaani unalifungua ndani ya folda ya `pandisha`; wa pili unaongeza draiva; wa tatu unalishusha, yaani unahifadhi na kulifunga. Anza na `boot.wim`, namba 2, ambayo ndiyo sehemu ya usakinishaji:

`dism /Mount-Wim /WimFile:C:\w7\boot.wim /Index:2 /MountDir:C:\w7\pandisha`

`dism /Image:C:\w7\pandisha /Add-Driver /Driver:C:\w7\draiva /Recurse`

`dism /Unmount-Wim /MountDir:C:\w7\pandisha /Commit`

Kwa NVMe, kabla ya mstari wa tatu ongeza pia yale masasisho mawili, moja baada ya jingine:

`dism /Image:C:\w7\pandisha /Add-Package /PackagePath:C:\w7\sasisho\jina-la-faili.msu`

Sasa `install.wim`. Hii ina matoleo kadhaa ndani yake, na lazima ujue namba ya toleo lenye leseni yako:

`dism /Get-WimInfo /WimFile:C:\w7\install.wim`

Utaona Home Premium, Professional na mengineyo, kila moja na namba yake. Kumbuka kwamba Home Basic ya 64-bit haitumii RAM inayozidi GB 8, na Home Premium haizidi GB 16. Kwa kompyuta mpya, Professional ndiyo ya maana.

Rudia amri zilezile kwa `install.wim` na namba hiyo. Kabla ya kushusha, ongeza KB4490628 kwanza, kisha KB4474419. Mpangilio huo usiugeuze: ya kwanza inaiandaa Windows kupokea masasisho, ya pili inaifundisha kusoma sahihi za SHA-2. Bila hiyo ya pili, draiva mpya zitakataliwa hata zikiwa halali kabisa.

Kabla ya kushusha, hakiki:

`dism /Image:C:\w7\pandisha /Get-Drivers`

Imefanikiwa ikiwa orodha inaonyesha `oem0.inf`, `oem1.inf` na kuendelea, zenye jina la mtengenezaji pembeni. Orodha ikiwa tupu, draiva ulizoweka si za Windows 7 au si za 64-bit.

Makosa matatu ya kawaida hapa:

Kosa `0xc1510111` maana yake faili limefungwa lisiandikwe. Hutokea ukinakili kutoka kwenye ISO badala ya flashi. Andika `attrib -r C:\w7\install.wim`, urudie.

Kosa `0xc1420117` wakati wa kushusha maana yake una dirisha lililofunguliwa ndani ya folda ya `pandisha`. Lifunge. Antivirusi inayochungulia folda hiyo nayo huleta kosa hilohilo.

Umeme ulikatika katikati? Andika `dism /Cleanup-Wim`, futa faili hilo, nakili jingine kutoka kwenye flashi, anza upya. Usijaribu kuokoa lililoachwa nusu.

Mwisho, rudisha faili zote mbili kwenye folda ya `sources` ya flashi, zichukue nafasi ya zile za mwanzo.

## Hatua ya 4: Rekebisha BIOS

Washa mashine mpya huku ukibonyeza Del, F2 au, kwa HP, F10. Piga picha ya kila ukurasa kwa simu kabla ya kubadili chochote.

Tahadhari: kama mashine ina Windows ya sasa yenye data na imefungwa kwa BitLocker (kufuli ya data ya Windows), hifadhi kwanza ule ufunguo mrefu wa kuokolea. Ukizima Secure Boot (kinga inayokagua mfumo unaowashwa) bila ufunguo huo, unaweza kujifungia nje ya data ya mteja.

Badilisha hivi:

- Secure Boot: izime. Windows 7 haiwezi kuipita. Kwenye baadhi ya madabodi imejificha kwa jina la aina ya mfumo. Chagua Other OS.
- CSM au Legacy: iwashe. Hata ukitumia UEFI kwa NVMe, CSM ibaki imewashwa.
- SATA: iwe AHCI (njia ya kawaida ya kuwasiliana na diski), si RAID wala RST.
- Fast Boot: izime.
- Ukiona kipengele kinachotaja Windows 7 na USB, au xHCI, EHCI, au uigaji wa PS/2, kiwashe. Baadhi ya madabodi za kizazi cha 6 ziliwekewa kipengele hicho kwa ajili ya kazi hii hii.

CSM ikionekana kwa rangi ya kijivu isiyobonyezeka, zima Secure Boot kwanza, hifadhi, rudi tena BIOS.

## Hatua ya 5: Anza usakinishaji

Chomoa diski zote isipokuwa ile utakayoitumia. Chomeka flashi kwenye tundu jeusi la USB 2 kama lipo, ingawa kwenye madabodi nyingi za kuanzia kizazi cha 6 rangi ya tundu haibadilishi mengi, kwani yote yanaendeshwa na kidhibiti kimoja cha USB 3.

Chagua flashi kwenye orodha ya kuwakia. Mara nyingi utaiona mara mbili, moja ikiwa na neno UEFI mbele. Kwa SATA na MBR chagua isiyo na UEFI. Kwa NVMe chagua yenye UEFI. Kosea hapa, na hatua inayofuata itakukatalia diski.

Imefanikiwa ikiwa skrini ya lugha imetokea na kipanya kinasogea. Usibonyeze chochote kwa haraka; sogeza kipanya, jaribu kibodi.

Ukikwama kwenye maneno Starting Windows, hiyo ni CSM iliyozimwa au isiyokuwapo. Ukipata skrini ya bluu yenye `0x000000A5`, mashine inaelezea vifaa vyake kwa lugha ambayo Windows 7 haiielewi. Jaribu toleo jingine la BIOS kutoka kwa mtengenezaji. Ikibaki ileile, nenda kwenye kompyuta pepe. Kuna watu wanaobadili mafaili ya ndani ya Windows ili kuipita, na mashine zao hubaki za kubahatisha.

## Hatua ya 6: Safisha diski

Ujumbe wa kwamba diski ni ya GPT na haifai humtisha mtu bure. Una maana moja tu: diski na njia ya kuwakia havilingani.

Bonyeza Shift na F10, dirisha jeusi litafunguka. Andika `diskpart`, kisha `list disk`. Tambua diski kwa ukubwa wake, kwa sababu flashi yako nayo imo kwenye orodha hiyo. Halafu:

`select disk 0`

`clean`

`convert mbr`

Kwa NVMe na UEFI, mstari wa mwisho uwe `convert gpt`. Amri ya `clean` inafuta ramani yote ya diski bila kuuliza swali. Soma namba mara mbili.

Funga dirisha, bonyeza Refresh, chagua nafasi iliyo wazi, endelea. Orodha ikiwa tupu kabisa, diski ni NVMe na `boot.wim` haikufundishwa, au SATA imebaki kwenye RAID.

## Hatua ya 7: Mashine ikijiwasha mara ya kwanza

Chomoa flashi mara tu skrini inapozima. Ukiiacha, mashine itawaka tena kutoka kwenye flashi na usakinishaji utaanza upya. Si kosa la Windows.

Skrini ya bluu yenye `0x0000007B` hapa maana yake Windows haioni diski yake: kagua AHCI, au kama ni NVMe, `install.wim` ilikosa yale masasisho mawili.

Kibodi ikifa kwenye jina la mtumiaji, rudi hatua ya 3. Kibodi ya PS/2 inaweza kukuvusha hapo, kisha ukaweka draiva ya USB 3 ukiwa ndani.

## Hatua ya 8: Draiva na mipaka

Weka kwa mpangilio huu: chipseti, mtandao wa waya, kadi ya picha, sauti. Draiva ya mtandao uwe nayo kwenye flashi tayari, kwani bila hiyo huwezi kupakua nyingine. Kwenye Device Manager, alama ya njano yenye namba 52 inazungumzia sahihi: KB4474419 haikuingia.

Microsoft iliacha kuitolea Windows 7 masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Chrome iliishia toleo la 109. Kwa hiyo mashine hii ibaki kukata stika au kuendesha kifaa cha zamani, kama cha maabara. Marejesho ya kodi ya URA (mamlaka ya mapato ya Uganda), ankara zake za kielektroniki za EFRIS, akaunti ya benki na miamala ya simu vifanyike kwenye kompyuta nyingine. Ikiwezekana, ukimaliza draiva chomoa waya wa mtandao kabisa na upeleke kazi kwa flashi moja iliyotengwa kwa ajili hiyo.

Kila kitu kikishatulia, piga nakala ya diski nzima kwa programu ya Clonezilla kwenye diski ya nje. Siku diski ikifa hutarudia hatua hata moja ya hizi.

## Mashine isiyofaa: kompyuta pepe

Acha Windows 10 au 11 kama ilivyo. Weka programu ya VirtualBox, tengeneza kompyuta pepe ya Windows 7 ya 64-bit, ipe RAM ya GB 2 hadi 4 na diski ya GB 40, elekeza kwenye ISO ileile ambayo haikuguswa. Itaingia bila draiva yoyote kati ya hizo hapo juu, kwa sababu inaonyeshwa vifaa vya kuigiza ambavyo inavifahamu.

Kwenye mipangilio ya USB chagua USB 2.0, si 3.0, sababu unaijua tayari. Windows ikishaingia, weka Guest Additions ili skrini na kipanya vitulie. Kisha chomeka mashine ya kukatia, fungua menyu ya Devices, sehemu ya USB, uiteue iingie ndani.

Kompyuta pepe haitasaidia kifaa chenye kadi yake ya kuchomeka ndani ya madabodi. Kwa kifaa cha namna hiyo, tafuta kompyuta ya mitumba ya kizazi cha 4, ambayo Windows 7 inaingia bila ugomvi.

Kifaa kikiwa cha USB, fanya kazi moja halisi ndefu kabla ya kumkabidhi mwenye duka: kata stika ya mita nzima, ya mistari iliyobanana, si mraba mdogo wa majaribio. Mawasiliano ya USB kupitia kompyuta pepe yakiwa na hitilafu, hukatika katikati ya kazi ndefu, na ni afadhali yakatike ukiwa bado umekaa pale.